Zege au mawe? Kisa cha ufukwe wa Promontory Point

Kazi yangu ni kuta za kuzuia maji, za baharini na za ziwani, na kila nikimtajia mtu kazi hii swali ni lile lile, kwa nini msimwage zege tu yaishe? Jibu langu siku zote linaanzia Chicago, kwenye bustani inaitwa Promontory Point, wenyeji wanasema Point tu.

Iko mtaa wa Hyde Park, mwisho wa barabara ya 55, kidole cha ardhi kimeingia Ziwa Michigan. Ardhi yenyewe ni kifusi kilichomwagwa ziwani miaka ya 1920, halafu akaja mbunifu wa bustani, Alfred Caldwell, akaipangilia ikawa bustani, ikafunguliwa 1937. Katikati akaacha uwanda wa majani, miti pembeni, na viduara vya mawe ambapo watu wanakaa jioni wakiota moto. Ila kilicholeta ugomvi kiko kwenye maji: ngazi za mawe ya chokaa, mapande makubwa makubwa yamepangwa hatua kwa hatua mpaka yanazama ziwani.

Siku ya kwanza nafika pale asubuhi nilimkuta bibi mmoja, akavua kandambili zake akaziweka kwenye jiwe lililobonyea kidogo katikati, akashuka hatua nne bila hata kuangalia chini, ya tano akakaa kwanza ndo akajisukuma majini. Alivotoka nikamwuliza mbona hapo ulikaa, akaniambia hilo jiwe linacheza, ukilikanyaga pembeni linainuka. Analijua jiwe moja moja! Na jiwe la juu yake kuna mtu kachonga jina lake na la mpenzi wake, herufi zimeshaanza kulika.

Sasa, mwaka 1996 bunge la Marekani lilipitisha mradi wa kujenga upya kingo za ziwa pale Chicago, kilomita nyingi tu, na karibu kote yale mawe yaking'olewa inawekwa ngazi ya zege na mabamba ya chuma yaliyopigwa chini. Mwaka 2001 zamu ya Point ikakaribia, wakazi wakaonyeshwa michoro, wakakataa. Wakaunda kamati yao, wakachapisha stika za kubandika kwenye magari zimeandikwa kwamba Point iokolewe, na mpaka leo ukipita mitaa ile unaziona.

Hapa niseme ukweli kama mhandisi, ukuta ulikuwa mbovu, na wakazi wenyewe hawakuwahi kubisha hilo. Mawe yale yamekalia masanduku ya magogo yaliyojazwa mawe madogo, na gogo likizama kabisa kwenye maji linakaa miaka na miaka, manake kinachoozesha mti ni hewa na unyevu vikikutana. Ziwa Michigan halina kupwa na kujaa kama bahari yetu, lakini kina chake kinapanda na kushuka mwaka hadi mwaka, kikishuka vichwa vya magogo vinabaki nje vinaoza, kikija kupanda na dhoruba juu yake basi mawimbi yanatoa vile vijiwe vya ndani na jiwe kubwa la juu linakosa pa kulalia, linainama. Lile la bibi linacheza kwa sababu hiyo. Kwa hiyo kilichooza ni mti wa chini, jiwe la chokaa lenyewe bado ni zima, unaweza kulinyanyua kwa kreni, ukatengeneza msingi mpya, ukalirudisha pale pale.

Na ukuta wa mawe una faida ambayo watu hawaioni. Wimbi likigonga mawe yenye nafasi katikati maji yanaingia humo ndani, yanazunguka, nguvu inaishia humo. Likigonga uso wa zege ulionyooka sehemu kubwa ya nguvu inarudi ilikotoka, na inaporudi inachimba chini ya ukuta. Sisemi zege halifai, kuna sehemu nimelitumia mwenyewe na ningelitumia tena, ila usiniambie ndo njia pekee.

Kinachonifanya niwaheshimu sana wale wakazi ni kwamba hawakuishia kwenye mabango. Walichangishana hela wakatafuta wahandisi wao, wakaja mezani na michoro inayoonyesha kwamba mawe yanaweza kurekebishwa, kwa hiyo serikali haikuweza tena kuwaambia nyie hamjui mambo haya. Barack Obama, ambaye aliwahi kuishi mtaa huo, alipokuwa seneta aliingilia kati kutaka pande zote zikae na mpango uangaliwe upya. Mradi ukakwama, na huko kwingine zege likaendelea.

Jiji lilikuwa na hoja moja nzito, mtu wa kiti cha magurudumu atafikaje majini kwenye mawe yale? Hii hoja msiidharau, mimi mwenyewe ningeiweka mbele. Lakini hiyo inataka njia ya mteremko kwenye sehemu mbili tatu zilizochaguliwa vizuri, haitaki kung'oa ufukwe mzima.

Mwaka 2018 Point ikaingizwa kwenye orodha ya taifa ya sehemu za kihistoria, na Aprili 2023 jiji likaitangaza rasmi kuwa alama ya kihistoria ya Chicago. Watu wengi wanadhani orodha ya taifa ikishakukubali basi hakuna wa kukugusa, si kweli. Inacholazimisha ni kwamba taasisi ya serikali kuu ikitaka kuweka hela yake au mkono wake pale lazima kwanza ichunguze itaharibu nini na ikae na wahusika, baada ya hapo bado inaweza kuamua vinginevyo. Hadhi ya jiji ndo inakaza zaidi upande wa vibali. Kwa hiyo vita vyote sasa viko kwenye michoro: jiwe lipi linarudi, pembe ipi, msingi gani.

Hata kwetu haya yapo. Nenda Mji Mkongwe Zanzibar uangalie nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zilizopigwa plasta ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea, ukuta unaozea ndani kwa ndani huku nje unaonekana mpya. Kwa hiyo mtaani kwenu wakija na mradi wa ufukwe usiishie kuangalia ile picha nzuri ya rangi. Omba mchoro unaokata ukuta kuanzia juu mpaka chini ya maji, kisha waulize kilichooza ni kipi hasa, na kama ni msingi, mawe ya juu yanang'olewa kwa nini.