Posho ya watoto Uingereza haikufutwa kwa "familia tajiri"

Wengi Uingereza huamini kwamba tangu Januari 2013 familia zenye kipato kikubwa hazina haki ya posho ya watoto, yaani malipo ya serikali kwa wanaolea watoto. Si kweli. George Osborne, aliyekuwa waziri wa fedha, alipotangaza mwaka 2010 mpango wa kuwanyima posho hiyo wenye kipato kikubwa, kura za maoni zilionyesha wengi wakiuunga mkono: kwa nini kodi ya mlalahoi imlipie mwenye nacho? Lakini kipimo si kipato cha familia. Ni cha mzazi mmoja, yule anayepata zaidi. Hapo mwanzo, baba na mama waliopata pauni 49,000 kwa mwaka kila mmoja walibaki na posho yote. Mama anayelea peke yake kwa pauni 60,000 aliikosa yote. Kwa hilo, watu walikuwa na haki ya kukasirika. Tangu Aprili 2024 makato huanza kipato kikivuka 60,000, na posho huisha kabisa kikifika 80,000.

Tena posho yenyewe bado huombwa. Anayevuka kiwango hutozwa kodi ya kuirudisha, au huchagua kutolipwa. Mzazi asiye na ajira anayelea mtoto wa chini ya miaka 12 akijaza fomu, hata bila kupokea senti, huhesabiwa michango ya Bima ya Taifa, ambayo ndiyo hujenga haki ya pensheni ya serikali. Asiyejaza kwa kudhani hastahili anaweza kujipunja pensheni.