Umemaliza chuo Marekani na ritani za kodi za jimbo hukupeleka? Soma hapa kabla barua haijafika

Kuna meseji naipata karibu kila mwezi, inakuja na picha ya barua iliyopigwa usiku, taa inamulika juu ya karatasi nusu maandishi hayasomeki, na chini yake maneno matatu tu: "Dada hii nini?"

Ya mwisho ilitoka kwa kijana wa Moshi anayekaa Houston. Jimbo la Pennsylvania linamdai kodi ya mshahara kama dola 1,780, bado riba na faini, kwa mwaka ambao yeye anaapa alikuwa Texas. Na kweli alikuwa Texas, ila sio mwaka mzima, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Mimi kazi yangu ni kodi, nipo huku Minnesota, nina leseni ya kuwakilisha watu mbele ya IRS, yani idara ya kodi ya serikali kuu ya Marekani, na wateja wangu wengi ni watu wetu, wanafunzi wa zamani na wabeba boksi wenzangu wa enzi hizo. Hii habari ya ritani za jimbo, yani zile fomu za hesabu ya kodi za kila mwaka, naiona mno kwa waliokuja na viza ya mwanafunzi ya F-1. Chuoni wanawekwa kwenye semina moja, pizza ipo, wanaelekezwa 1040-NR (ritani ya IRS ya wasiohesabiwa wakazi) na ile fomu 8843 (ya siku ulizokaa nchini kama mwanafunzi), halafu mwisho kabisa watu washaanza kuvaa makoti mtu anasema "kuhusu jimbo mtaangalia wenyewe". Nani aangalie? Mimi mwenyewe sikuangalia, miaka miwili mizima, nikaja kuzisafisha nikiwa nishaanza hadi kusomea hii kazi, aibu yake sitaki hata kuielezea.

Sasa elewa kitu cha kwanza: IRS ni ya serikali kuu, jimbo ni serikali nyingine kabisa yenye idara yake ya kodi, fomu zake na sheria zake. Kupeleka ritani IRS hakukutoi kwa jimbo. Na kukatwa kwenye mshahara nako hakukutoi, maana makato ni hela uliyotanguliza tu, ritani ndio hesabu inayosema hiyo hela ilitosha, imepungua au imezidi. Watu wananiambia "lakini dada nilikatwa kila wiki mbili", sawa ulikatwa, hesabu yake iko wapi? Kila jimbo linalotoza kodi ya kipato lina kiwango chake ambacho ukikivuka lazima upeleke, Massachusetts ni dola 8,000, Pennsylvania ni dola 33. Ndio, thelathini na tatu, sijasahau sifuri. Ukifanya kazi kantini ya chuo siku tano umeshapita.

Turudi kwa kijana wetu. Alimaliza chuo, akafanya kazi Pennsylvania mpaka mwisho wa mwezi wa nne akalipwa kama dola 14,000, halafu akapata kazi Houston akahama. Texas haikati kodi ya mshahara kabisa, kwa hiyo akilini mwake mambo ya jimbo yakaishia hapo. Tatizo likaja kwenye ritani ya IRS, aliweka anwani ya rafiki yake aliyebaki kule chuoni kwa sababu yeye bado alikuwa analala kwa watu. Sasa IRS na majimbo wanapeana taarifa, kisheria kabisa, jimbo likaona jina, anwani ya Pennsylvania, kipato cha mwaka mzima dola 58,000, ritani ya jimbo hamna. Wao hawajui habari za Houston. Wakachukua 58,000 yote wakapiga asilimia 3.07 yao, ikaja hiyo 1,780.

Wakati ukweli ni huu: za Pennsylvania ni zile 14,000 tu, kodi yake ni dola 430, na mwajiri alishamkata dola 430. Deni halisi ni sifuri! Kodi ya pale ni kiwango kimoja kwa wote, kwa hiyo makato mara nyingi yanalingana na kodi karibu senti kwa senti. Ilitakiwa apeleke PA-40 (ritani ya Pennsylvania) ya mkazi wa sehemu ya mwaka pamoja na W-2, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka, basi.

Nikamuuliza barua ya kwanza ilikuja lini, akasema rafiki yake alimwambia kuna bahasha, akajibu "iweke tu nitaipitia". Jamani bahasha ya kodi haiwekwi. California kwa mfano ukitumiwa barua ya kukudai ritani ukakaa kimya, kuna faini ya asilimia 25 inayopigwa kwenye kodi yote kabla hawajatoa hata makato yako, yani unaweza ukawa hudaiwi kodi hata senti na bado ukadaiwa faini.

Na kitu ambacho natamani kila mtu akijue ni kuhusu muda, kwa sababu muda uko upande wa jimbo, hauko upande wako. Watu wanasema "ah ni miaka sita imepita watakuwa wamesahau". Jimbo lina miaka kadhaa ya kukukagua na kukudai baada ya wewe kupeleka ritani. Usipopeleka hiyo saa haianzi kuhesabu, wanaweza kuja baada ya miaka kumi na wakawa sahihi. Ila wewe refandi yako, yani hela ya kurudishiwa, ina mwisho wa kuidai: California miaka 4, Minnesota miaka mitatu na nusu tangu siku ya mwisho ya kupeleka, majimbo mengi ni 3. Ndio maana namuonea huruma sana mtu aliyefanya kazi ya kiangazi jimbo la watu, miezi mitatu, akakatwa kama vile anafanya mwaka mzima, hiyo mara nyingi ni hela yake ya kurudishiwa na anaiacha inakufa kwa kuogopa deni ambalo halipo.

Unaanzaje? Chukua karatasi andika kila mwaka ulikaa wapi na ulifanya kazi wapi, mwezi kwa mwezi. Usianze na fomu, anza na hiyo. Halafu tafuta W-2 zote, angalia kisanduku cha 15 mpaka 17, hapo ndio kuna jina la jimbo, mshahara wa jimbo na makato yake. Kama zimepotea IRS watakupa kumbukumbu za mapato hadi miaka kumi nyuma, bure, lakini hizo hazionyeshi makato ya jimbo, nimeona watu wanakwama hapa wiki nzima. Kwa hayo muombe mwajiri wa zamani, au idara ya jimbo yenyewe, au tafuta hati yako ya mwisho ya mshahara ya mwezi wa kumi na mbili.

Kabla ya jimbo hakikisha ya IRS iko sawa, kwa sababu majimbo mengi yanaanza hesabu yao kutoka kwenye ritani ya IRS. Kama ulikuwa F-1 na ukatumia programu ya bure ukajaza 1040 ya kawaida ya wakazi wakati ulitakiwa 1040-NR, rekebisha hiyo kwanza, la sivyo utapeleka kosa sehemu mbili.

Kwa kila mwaka unaopeleka tumia fomu ya mwaka huo na bahasha yake, usishone zote pamoja. Kama jimbo halijakutafuta bado, uliza kama wana mpango wa kujitokeza mwenyewe, mengi yanao na faini inapungua au inafutwa, ila ukishaandikiwa barua huo mlango kwa kawaida unafungwa. Na wenye mpango wa uraia, N-400, fomu ya kuomba uraia, inauliza kuhusu kodi unazodaiwa, za serikali kuu, za jimbo na za mji pia.

Kijana wangu tulipeleka PA-40 na W-2 mbili, mkataba wa nyumba ya Houston na hati ya kwanza ya mshahara wa Texas. Lile deni likafutwa. Wiki iliyopita kanitumia picha nyingine, safari hii ni kodi ya mji wa kule kule Pennsylvania. Nimemwambia Jumamosi tukae, na aache kupiga picha na taa.