Uchungu wa mwarobaini si kipimo cha dawa
Wengi tumekua tukiamini kwamba majani ya mwarobaini yaliyochemshwa huua bakteria mwilini sawa na antibiotiki, na kwamba ule uchungu ndio nguvu yenyewe.

Imani hii haikuzuka hivi hivi. Mti huu una kemikali za kundi la limonoidi, na baadhi yake, kama nimbolidi, huzuia bakteria maabarani. Ila tazama jaribio lenyewe: majani hulowekwa kwenye alkoholi, maji yake yakakolezwa, kisha tone likawekwa kwenye kisahani chenye bakteria na duara tupu, pale bakteria waliposhindwa kukua, likapimwa kwa milimita. Hata siki huchora duara! Kikombe cha majani ni kitu kingine: limonoidi nyingi haziyeyuki vizuri majini, na kinachoyeyuka hupitia kwanza tumboni na kwenye ini.

Uchungu nao? Kwinini ni chungu na hutibu malaria. Striknini ni chungu na huua.

Ukikutana na habari kama hizi, uliza: walijaribu kwenye kisahani, kwa panya au kwa watu? Kwa kiasi gani? Mafuta ya mbegu za mwarobaini, hata hivyo, usimnyweshe mtoto mdogo. Yamewahi kudhuru watoto vibaya.