Si kila zawadi ya Nakamise imetengenezwa Japani

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu kwamba chochote kinachouzwa Nakamise, mtaa wa maduka unaoelekea hekalu la Senso-ji jijini Tokyo, kimetengenezwa Japani. Si kweli. Sumaku za friji na kimono za bei chee, kwa mfano, mara nyingi hutoka nje, hasa China, na wauzaji hawafichi. Geuza bidhaa usome lebo: 日本製 ni ya Japani, 中国製 ni ya China. Kwenye kimono, angalia kilebo kilichoshonwa ndani.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu mtaa wenyewe ni wa kale, na vikeki vya ningyo-yaki huokwa pale pale mbele ya mteja. (Vikeki hivyo kula bila wasiwasi.) Ukiletewa ujumbe huo, usiusambaze.