Kumzulia mgeni kula mbwa si utani

Mbwa wa mtaa akipotea Igoma au Buhongwa, hapa Mwanza, wapo wanaoitazama kambi ya mafundi wa kigeni kabla ya kuuliza nani alimwona mara ya mwisho. Katika soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mchina akifika kununua mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara, vijana hubweka nyuma yake na watu hucheka. Mabondo hayohayo, ambayo kwa kilo yana bei kubwa kuliko minofu ya sangara, soko lake kubwa ni huko kwao.

Nyama ya mbwa huliwa katika baadhi ya maeneo ya China, Vietnam na Korea Kusini, lakini Wachina walio wengi hawaili. Mji wa Shenzhen uliipiga marufuku mwaka 2020. Januari 2024 Bunge la Korea Kusini lilipitisha sheria ya kukomesha ufugaji, uchinjaji na uuzaji wake ifikapo 2027. Na hata anayeila ni mtu. Mhaya anafurahia senene, jirani yake anageuza uso, na hakuna anayemtoa Mhaya katika ubinadamu. Kwa nini mgeni apimwe kwa sahani yake?

Tuhuma hii haichagui rangi. Septemba 2024, katika mdahalo wa urais wa Marekani, Donald Trump alidai kuwa wahamiaji wa Haiti, watu weusi kama sisi, wanakula mbwa na paka wa wakazi wa Springfield, Ohio. Viongozi wa mji walisema hakuna ushahidi. Hata hivyo vitisho vya mabomu vilifuata, shule zikafungwa, watoto wakarudishwa nyumbani.

Sisi wa kandokando ya ziwa tumeona mwisho wa njia hiyo. Redio RTLM ya Rwanda iliwaita Watutsi mende. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, Mto Kagera ukaleta maiti hadi Ziwa Victoria, na watu wakaogopa kula samaki. Sisemi kubweka Kirumba ni sawa na mauaji yale, ila mtu akishafanywa mnyama, kumdhuru kunakuwa rahisi, na hilo linanitia hofu.

Wapo wenye kinyongo cha haki dhidi ya waajiri wa kigeni: ujira uliocheleweshwa, saa za ziada zisizolipwa, kazi bila vifaa vya kinga. Kashfa ya mbwa inayafunika madai hayo. Yapelekeni kwa afisa kazi wa mkoa au chama cha wafanyakazi, yakiwa na tarehe, jina la msimamizi na kiasi mnachodai.