Leza ya pete: ulinzi mdogo, lakini ndani

Leza ya semikondakta huvurugwa na mwanga wake yenyewe ukirudi. Chukua kiunganishi cha faiba chenye ncha bapa, kiache wazi hewani: karibu asilimia 4 ya mwanga inagonga mwisho wa kioo na kurudi ilikotoka. Ndiyo maana mafundi wana viunganishi vya kijani, vilivyosuguliwa mshazari wa nyuzi 8. Leza nyingi za kawaida huweza kuyumba hata sehemu moja tu kwa elfu kumi ikirudi ndani. Rangi iliyokuwa nyembamba inatanuka, pengine hadi makumi ya gigahezi, na nguvu inapanda na kushuka ovyo. Watafiti Lang na Kobayashi waliandika milinganyo ya hali hii mwaka 1980. Mwaka 1982 mtafiti Henry akaonyesha kwamba ndani ya semikondakta, idadi ya elektroni ikibadilika, ukuzaji na fezi ya mwanga (hatua ambayo wimbi limefikia katika mzunguko wake) hubadilika pamoja. Udhaifu wenyewe umekaa hapo.

Dawa ya siku zote ni aisoleta, kifaa kinachopitisha mwanga upande mmoja tu: fuwele ya ganeti na sumaku, mbele ya leza. Inafanya kazi vizuri sana, ila haikubali kwa urahisi kuishi kwenye chipu moja na indiamu fosfaidi, semikondakta inayotengenezea leza hizi. Wengi bado wanahangaika kuipachika mlangoni, pale mwanga unapotokea. Mimi naona tuanzie kwenye umbo la leza.

Leza ya pete ni kama kipilefti. Mwanga ukizunguka upande mmoja tu, ule unaotoka kisha ukaakisiwa huingia tena kinyume cha msafara. Haugongani moja kwa moja na mwanga unaofanya kazi. Ila usifurahi mapema. Mwanga huo wa kinyume nao unakuzwa, unakula elektroni zilezile, na ukipata nguvu unaweza kugeuza pete nzima izunguke upande wake. Pia kila kasoro ndani ya pete, hasa kwenye kigawanyio kinachotoa sehemu ya mwanga nje, huurudisha kidogo kwenye msafara.

Kwa hiyo upande wa kinyume lazima upate hasara ya ziada. Watafiti wa Eindhoven, Uholanzi, wamependekeza njia ninayoipenda kwa sababu haihitaji sumaku: modyuleta mbili za fezi ndani ya pete, yaani vifaa vinavyosukuma fezi ya mwanga mbele na nyuma kwa umeme, zinazoendeshwa kwa mawimbi mawili ya umeme yaliyopishana robo ya mzunguko. Tuseme masafa ni gigahezi 5. Mzunguko mmoja ni pikosekunde 200, robo yake 50. Ndani ya chipu mwanga husafiri kama milimita 4 kwa muda huo, basi modyuleta zinakaa umbali huo. Upande mmoja, msukumo wa pili unafuta wa kwanza, na mwanga unapita kana kwamba hakuna kitu. Upande wa pili misukumo inajumlishana. Ikijumlishana kufikia radiani 1 (kipimo cha pembe), karibu asilimia 41 ya nguvu inahamia kwenye rangi za pembeni, na kichujio chembamba ndani ya pete kinazitupa.

Kwa desibeli, kipimo cha upungufu wa nguvu, hiyo ni 2 na kidogo tu. Kwa aisoleta ya mlangoni ingekuwa aibu. Lakini hapa mwanga unalipa hasara hiyo kila mzunguko, na pande zote mbili zinagombania ukuzaji uleule. Upande wenye hasara ndogo unashinda, ule mwingine unabaki chini ya kizingiti, kiwango cha chini cha kuwaka kama leza, na hauwezi kujikuza wenyewe. Ushindani ndani ya leza ndio unaofanya kazi kubwa. Modyuleta zinaamua tu nani ashinde.

Usisahau ncha ya pili ya njia ya kutolea mwanga kwenye pete. Mwanga wa kinyume unatokea huko, na ukiakisiwa unarudi ndani ukiwa upande wa msafara wenyewe, yaani madhara yaleyale tuliyoyakimbia. Ncha hiyo imalizwe kwa kifyonza mwanga, na njia ikifika ukingoni mwa chipu ikatwe mshazari. Gharama nyingine ni umeme wa masafa ya juu na pete ndefu zaidi. Pete ikirefuka, rangi zake zinasogeleana, na kichujio kinapaswa kuwa chembamba zaidi.