Kompyuta Iliyokula Chumvi Nyingi: Tafuta Ubovu Kabla ya Kununua Kipuri

Kompyuta nyingi za mezani katika shule, saiba na maduka ya Mombasa zilitumika kwingine kabla ya kufika hapa. Zikianza kusumbua, mwenyewe hukimbilia kununua RAM (vibao vya kumbukumbu ya muda) au diski, kisha hurudi nayo akakuta ubovu uko pale pale. Ushauri wetu ni huu: kwa mashine ya zamani iliyokaa pwani, shuku kwanza umeme na maungio, kisha joto, na kipuri chenyewe kiwe mshukiwa wa mwisho. Diski kuu peke yake ndiyo isiyongoja zamu.

Sababu ni hewa yetu. Upepo wa baharini hubeba chembe za chumvi, na feni huzivuta ndani pamoja na vumbi. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji hewani unyevu unapofika takriban asilimia 75, na usiku wa Mombasa hukipita kiwango hicho mara nyingi, hasa wakati wa masika. Hapo vumbi hugeuka utando wa majimaji unaopitisha umeme pasipotakiwa na kuzila pini taratibu. Ndiyo maana mashine hugoma asubuhi, halafu ikifika saa tano inafanya kazi kana kwamba haikuwa na neno.

Kama bado inawaka, nakili faili muhimu kwenye diski ya nje kabla ya kushika bisibisi. Kisha izime, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe, na uguse chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa saketi yoyote. Pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha, usiifungue kamwe. Kapasita zake kubwa, yaani vihifadhi chaji, huweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa.

Mashine isiyotoa dalili yoyote, anzia ukutani: jaribu soketi kwa taa, badilisha waya, pima fyuzi ya plagi. Baadhi ya pawasaplai zina swichi nyekundu nyuma yenye alama za 115 na 230. Stima ya Kenya ni volti 240, kwa hiyo lazima iwe kwenye 230. Ikiachwa kwenye 115, pawasaplai huungua mara tu ukiichomeka. Ndani, waya wa ukutani ukiwa umechomekwa, tazama kama taa ndogo ya ubao mama (bodi kuu) inawaka. Ikiwaka, umeme wa kusubiri wa volti 5 unafika, na huenda kilichokufa ni kitufe cha mbele tu. Kijaribu kwa kuchomoa waya wake kwenye ubao na kugusanisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi, mara moja na kuachia.

Pawasaplai ya kawaida yenye plagi ya pini 24 hujaribiwa ikiwa nje ya ubao: unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya, kisha uiwashe. Ikikaa kimya, mara nyingi imekufa. Feni ikizunguka, usishangilie bado, kwa sababu pawasaplai iliyochoka huweza kuzungusha feni na kushindwa mzigo ukija. Irudishe kwenye mashine, iwashe, upime kwa multimita, kile kipima umeme cha mkononi: waya wa njano uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa rangi ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Nje ya hapo, badilisha. Tahadhari moja: kompyuta nyingi za maofisini hutumia plagi za kiwanda chake zenye pini 6 au 8, na jaribio la waya wa kijani halizihusu.

Mashine inayohitaji kubonyezwa mara nne ndipo iwake, au inayokubali tu baada ya kupata joto, ikague kapasita za ubao mama. Vichwa vyake vinapaswa kuwa bapa. Vikivimba au vikiwa na ganda la kahawia, ndizo. Mbao mama nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitoka viwandani na kapasita mbovu. Fundi mwenye mkono mzuri wa kuchomea risasi huzibadilisha, mradi volti na ukubwa wake vilingane na za awali.

Sasa ile kesi ya kila siku: feni zinazunguka, skrini nyeusi. Hakikisha kwanza kebo ya monita imechomekwa kwenye kadi ya picha kama ipo, na si kwenye tundu la ubao. Kisha toa RAM zote na ufute meno yake ya dhahabu kwa ufutio mweupe, polepole, ukipeperusha mabaki mbali na sloti. Malizia kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Marashi na spiriti ya zambarau huacha utando, usivitumie hata kama jirani anaviapia. Rudisha RAM moja, sloti moja, jaribu. Hamisha, jaribu tena. RAM ikikataa kila sloti, mbovu ni hiyo. Sloti ikikataa kila RAM, tatizo liko ubaoni.

Ikibaki nyeusi, washa bila RAM hata moja, spika ndogo ya ubao ikiwa imechomekwa. Ikipiga milio ya kulalamika, ni habari njema: ubao na prosesa, yaani ubongo wa mashine, viko hai. Kimya kabisa hurudisha shaka kwenye pawasaplai, ubao au prosesa. Idadi ya milio ina maana tofauti kwa kila mtengenezaji, basi soma kitabu cha mashine yako na si cha nyingine.

Inayowaka kisha kukwama hovyo, iachie Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi, angalau mzunguko mmoja mzima. Kosa moja tu latosha kuihukumu RAM, ila uisafishe kwanza na kuipima tena.

Ikizima ghafla kazi ikiwa nzito na pawasaplai imepimwa ikawa sawa, mara nyingi ni joto. Prosesa nyingi hujizima zinapokaribia nyuzi 100 za selsiasi, na chumba chetu chenyewe mchana hufika 30 mara nyingi. Puliza vumbi ukiishikilia feni isizunguke. Kabla ya kung'oa kipoza, kile chuma kilichokaa juu ya prosesa, iache mashine iwake dakika chache ili krimu ya kupitisha joto ilainike, kisha izime, ichomoe, na uzungushe kipoza taratibu, la sivyo prosesa yenye pini huweza kung'oka nacho. Krimu mpya kiasi cha punje ya mbaazi inatosha.

Diski isome kwa CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha hali ya diski kwa namba. Hesabu za namba 05, C5 na C6, yaani za sehemu mbovu za diski, zikipanda, hamisha data na uiache. C7 ikipanda peke yake, mara nyingi ni kebo tu, na kebo ni rahisi. Diski inayogonga tik-tik izime hapo hapo, kwani kila dakika ya ziada huweza kukwangua data.

Saa ikirudi nyuma kila stima ikipotea, na tovuti zikakataa kufunguka kwa sababu ya tarehe, nunua betri ya CR2032. Ni ya volti 3. Ikishuka chini ya 2.8, ibadilishe.

Ubao mama ukithibitika umekufa, hatushauri kutafuta wa pili wa aina ile ile: nao umezeeka, na mashine nyingi za umri huo hazipokei Windows 11, ilhali msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Chomoa RAM, diski na pawasaplai nzima, zifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, na uandike juu yake tarehe na kilichopimwa.